Mwerevu, Mjanja, Mwenye Busara: Ni Neno Moja ama Matatu?



Tunapozungumza juu ya mila zetu, mara nyingi tunataja mahari, mazishi, majina ya watoto na mashauri ya lubunga. Mimi leo naleta kitu kidogo zaidi: maneno matatu ambayo kila mmoja wetu anayatumia karibu kila siku bila kuyapima. Swali langu ni hili: mtu anayejua kujitoa katika shida tumwite nani? Mwerevu? Mjanja? Mwenye busara? Je, hayo ni majina ya watu watatu, ama ni mtu mmoja tu, na jina linabadilika kufuatana na nani anasema?

Mtu anaweza kudhani ni swali la kamusi, kazi ya walimu wa luga. Nilidhani hivyo pia, mpaka siku nilipoona neno moja linasimamisha kikao.

1. Neno lililosimamisha kikao

Ilikuwa mwaka 2007, hapa Kazimia. Familia moja ilikuwa inapokea kijana wao aliyetoka Tanzania. Alivushwa ziwa akiwa mtoto mdogo wakati wa vita ya 1996, akakulia katika kambi ya Nyarugusu, upande wa Kasulu. Alirudi pamoja na wale waliokuwa wanasafirishwa kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka, kazi iliyoanza Oktoba 2005. Baba yake alifia ukimbizini. Shamba la baba, pamoja na michikichi yake, lilibaki mikononi mwa baba mudogo ambaye hakuvuka.

Watu walikula, wazee wakasema, kisha kijana akapewa nafasi. Alisimama vizuri, akasalimia, halafu akasema: "Namushukuru baba mudogo. Watu wengi walipoteza mashamba yao, lakini letu liko. Baba mudogo ni mjanja sana."

Mzee yule aliruka kutoka kwenye kiti. "Munasikia? Mutoto wa mukubwa wangu ananiita mwizi mbele ya watu!"

Kijana akashtuka. "Hapana, baba! Nimekusifu! Kule Tanzania mjanja ni mutu mwenye akili."

Wengine walicheka, lakini wengi walinyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa na sababu. Tangu zamani kulikuwa na manung'uniko kwamba sehemu ya michikichi ile iliuzwa na pesa yake haikujulikana ilikwenda wapi. Kijana hakujua habari hiyo. Sifa yake ilianguka juu ya kidonda.

Mzee aliyeongoza kikao aligeuka kwangu. Nilikuwa bado mwalimu kijana, nimetoka kupata diploma ya chuo cha ualimu, nafundisha Kiingereza na Kifaransa. Akaniuliza: "Mwalimu, weye ndiye unafundisha luga. Tuambie. Mjanja ni neno la heshima ama ni tusi?" Nikajibu kwamba inategemea. Akasema: "'Inategemea' haimalizi kesi. Inategemea nini?"

Sikuwa na jibu. Kurasa hizi ni jibu langu lililochelewa.

2. Sentensi nilizokata kwa kalamu nyekundu

Siku chache baadaye niliingia katika darasa la mwaka wa tano nikaandika ubaoni maneno matatu ya Kiingereza: clever, cunning, wise. Nikaeleza kama nilivyofundishwa. Wa kwanza ni mtu anayeelewa upesi na kupata njia pale wengine wanapokwama. Wa pili naye anapata njia, lakini anapita kwa kuficha. Anataka lake bila mwenzake kujua. Wa tatu si lazima awe mwepesi. Huyu anajua ni jambo gani linafaa kutafutwa na lipi liachwe, na mara nyingi ni maisha ndiyo yaliyomfundisha. Mtoto wa miaka sita Mwingereza atamwita clever bila shida. Kumwita wise ni vigumu, isipokuwa kwa mshangao. Mbweha wa hadithi zao ni cunning. Sulemani ni wise.

Kisha nikaomba kila mmoja atunge sentensi tatu. Nilipokusanya madaftari nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Mmoja aliandika kwamba mjomba wake ni wise kwa sababu alipita na mzigo kwenye kizuizi bila kulipa. Mwingine aliandika kwamba mfanyabiashara fulani ni clever kwa sababu kopo lake limegongwa chini na nyundo na wateja hawajui. Mwingine: mwizi alikuwa wise, polisi hawakumkamata.

Nilikata zote kwa kalamu nyekundu. Msichana mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, umekata juu ya nini? Ule wa kopo hakutumia akili?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Katika mazungumzo yetu ya kila siku sisi tunasema "eko na akili", na inatosha. Tena tuna lile neno la Kilingala, mayele, ambalo lilitufikia kwa askari na kwa muziki. Mwanafunzi wa kwanza darasani eko na mayele. Mchawi wa kura eko na mayele. Mwenye kopo lililogongwa, naye eko na mayele. Neno moja limekuwa kitambaa cha kufunika watu wote hao.

Tusiseme basi kwamba luga yetu ni maskini, na kwamba tusubiri Waingereza watutofautishie watu. Kiswahili kina maneno ya kutosha: mwerevu, mjanja, mwenye hila, mwenye maarifa, mwenye busara, mwenye hekima. Mengine tuliyapokea kutoka Kiarabu, na huko yalikotoka yana mambo ya kutufundisha. Akili inatoka katika mzizi wenye maana ya kufunga, kama vile ngamia anavyofungwa mguu asipotee. Busara inahusu kuona. Hekima ni ndugu wa hukumu. Mzizi wao ni mmoja. Maana yake, kwa wale waliotuachia maneno haya, mwenye akili ni mtu anayejifunga, mwenye busara anaona mbele, na mwenye hekima anaweza kukaa kuamua kesi ya wengine. Katika maneno hayo matatu hamna hata moja lenye maana ya kupata faida na kutoonekana.

3. Maneno nayo yanahama

Lakini tusikimbilie kusema kwamba kila neno lina mahali pake milele. Ukichunguza Kiingereza chenyewe, utakuta maneno yamehamahama kama wakimbizi.

Cunning hapo zamani lilikuwa neno zuri. Linatoka katika kitenzi cha kale chenye maana ya kujua. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya mfalme James, mafundi waliopamba hema la Mungu na kijana Daudi mpiga kinubi wanasifiwa kwa neno hilo hilo. Crafty, ambalo leo ni mwenye hila, limetoka katika neno la ufundi wa mikono. Shrewd limepita njia ya kinyume: zamani lilikuwa mtu mbaya, mwovu, leo mfanyabiashara akiitwa hivyo anatabasamu.

Kwa nini neno la ujuzi linachafuka? Nadhani ni kwa sababu watu waliona mara nyingi wenye ujuzi wakiutumia kuwala wasio nao. Anayejua kuhesabu akamla asiyejua kuhesabu. Polepole jina la ujuzi likaanza kunuka. Na kwa nini neno la ubaya linasafishwa? Labda kwa sababu wabaya walifaulu, wakatajirika, na watu wakaanza kutaka kufanana nao.

Kwetu ni vilevile. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaeleza neno -erevu kwa maneno ya Kiingereza yanayochanganya sifa na hila pamoja. Leo mwerevu ni sifa tu. Mwalimu analiandika katika kitabu cha maksi. Mjanja naye anasafishwa mbele ya macho yetu. Huko Dar es Salaam na Nairobi mjanja ni mtu wa mjini asiyedanganywa kirahisi, na kinyume chake ni mshamba. Kijana wetu alirudi na neno lililokwisha kuoshwa upande wa pili wa ziwa. Baba mudogo alikuwa bado analo lile la zamani, ambalo halijaoshwa. Wote wawili walisema Kiswahili, na hakuna aliyekosea luga.

4. Nyoka yule yule

Wakristo kati yetu wana mfano mkubwa zaidi. Katika Mwanzo sura ya 3, Biblia ya Kiswahili inasema nyoka alikuwa mwerevu kuliko wanyama wengine. Ya Kifaransa, ile ya Segond ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni, inamwita rusé. Tunajua alichofanya. Lakini katika Matayo sura ya 10, Yesu anapowatuma wanafunzi wake kati ya mbwa-mwitu, anawaambia wawe na busara, na anawaonyesha mfano. Mfano wenyewe ni nani? Nyoka!

Tunaweza kujibu kwamba ni maneno mawili tofauti: werevu pale, busara hapa. Lakini katika tafsiri ya kale ya Kigiriki, neno la nyoka wa Mwanzo na neno la Matayo ni moja. Tena neno la Kiebrania analoitwa nyoka wa Edeni, katika kitabu cha Mithali ni sifa ya mtu anayeona hatari ikija na kujificha. Watafsiri wa Kiswahili, wa Kifaransa na wa Kiingereza walifika pale wakakuta neno moja, wakalazimika kuamua: hapa tusifu, hapa tulaumu. Waliamua kwa kuangalia kazi iliyofanywa, kwa sababu neno lenyewe halikuwaambia.

Hapo nilianza kuona jibu la yule mzee. Aristotle, Mgiriki aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, aliligusa jambo hili katika kitabu cha sita cha maadili yake. Alisema kuna uwezo fulani ndani ya mtu, uwezo wa kupata njia ya kufikia lolote analolilenga. Lengo likiwa jema, uwezo huo unasifiwa. Likiwa baya, ni hila tu. Mwenye busara hawezi kukosa uwezo huo, lakini uwezo huo peke yake sio busara. Ni kama panga: la mwenye kulima na la mwenye kuvamia linaweza kununuliwa duka moja.

Ni jibu zuri, lakini halitoshi. Kila mtu ana lengo jema akiulizwa! Mwenye kopo atakuambia anasomesha watoto. Mwizi atakuambia mama yake ni mgonjwa. Na inawezekana ni kweli. Kwa hiyo tunahitaji kipimo kingine, na mimi naona kilikuwa katika hadithi za babu zetu muda wote.

5. Sungura mbele ya wazee

Sote tulikua na Sungura. Tulimpenda kwa sababu ni mdogo na anashinda wakubwa. Lakini angalieni: kuna Sungura wawili.

Sungura wa kwanza amekamatwa na Chui, anataka kuliwa. Anabuni maneno, anamdanganya Chui, anakimbia. Watoto wanapiga makofi.

Sungura wa pili ni yule wa hadithi ya kisima. Ukame umekuja, wanyama wote wanachimba, yeye anakataa kuchimba. Maji yanapotoka anakuja usiku, anawadanganya walinzi, anakunywa, anaoga, anachafua maji. Mwisho wa hadithi hiyo, mara nyingi Kobe ndiye anayemnasa kwa ulimbo. Watoto wanapiga makofi pia, lakini safari hii wanampigia Kobe.

Ni mnyama yule yule, akili ile ile, tena uongo ule ule. Kwa nini makofi yamehama?

Nafikiri ni hivi. Tuwaite wote waliodanganywa waje walalamike mbele ya wazee. Chui atasema nini? "Wazee, nilitaka kumla huyu, akanidanganya, akakimbia." Hawezi kumaliza sentensi bila kuona haya. Malalamiko yake yanamshtaki yeye mwenyewe. Lakini wanyama wa kisimani watasema: "Tulichimba, hakuchimba, akatunywea maji." Watasema kwa kichwa juu, na kila anayesikia atatikisa kichwa.

Kipimo ni hicho: aliyedanganywa, je, anaweza kulalamika mbele ya watu bila haya? Kama hawezi, akili ile inaweza kuitwa busara. Kama anaweza, tuiite kwa jina lake, ujanja, hata kama aliyeufanya ni kaka yetu.

Sisemi hivi kwa kucheza na hadithi. Mwaka 1998, vita ya pili ilipoanza, mama mkubwa wangu alikuwa anashuka kuelekea ziwani na watoto na kijana mmoja wa miaka kumi na saba. Njiani kulikuwa na watu wenye silaha waliokuwa wakichukua vijana. Alimfunga kijana ndani ya mkeka, akamlaza chini, akaanza kulia kwamba ni kipindupindu, kwamba wawili wamekwisha kufa njiani. Wale wenye silaha walirudi nyuma, wakawafukuza wapite haraka. Kijana yule leo ana watoto wake.

Mama huyo alisema uongo, tena uongo wenye machozi. Alikuwa mtu wa sala sana, na kwa miaka mingi jambo hilo lilimsumbua; aliniuliza mimi kama ni dhambi. Nikamwambia: fikiri wale watu wenye silaha wamezeeka, hawana tena bunduki, wamekaa hapa mbele ya wazee, wanakulalamikia. Watasema nini? "Tulikuja kumuchukua mutoto wa mwenyewe, akatunyima." Alicheka, akasema: "Basi wanyamaze." Sijui kama ndivyo mapadri wangemjibu, lakini alilala vizuri zaidi.

6. Kopo, mtihani, na ndagala zangu

Tulete sasa kipimo hicho nyumbani, mahali kinapouma.

Mwenye kopo lililogongwa ni kesi nyepesi. Mama aliyenunua unga pungufu anaweza kulalamika mbele ya yeyote, wakati wowote. Usimwite mwenye kopo mwenye akili mbele ya watoto wako.

Mtihani wa Serikali ni kesi ngumu kidogo. Vijana wetu wanasema: "Mwalimu, tunamudanganya nani? Serikali? Serikali yenyewe inatuibia!" Hoja hii si ya kitoto, ina mizizi mirefu. Tulikulia katika nchi ambako watu walikuwa wakitaja kwa mzaha "ibara ya 15": jitafutieni wenyewe. Mwaka 1976 rais Mobutu, katika hotuba aliyotoa Kinshasa, aliwaambia watu kwamba anayetaka kuiba aibe kidogo na kwa akili. Yibana mayele, ndivyo inavyokumbukwa mpaka leo. Angalieni neno lililochaguliwa. Hakusema ibeni kwa hila. Alichukua neno la sifa, akalivika wizi. Mkuu wa nchi akisema hivyo, anaondoa haya kwa pande zote mbili: anayeibiwa hajui tena kama ana haki ya kulalamika.

Kwa hiyo nakubali sehemu moja ya hoja ya vijana. Serikali isiyolipa ikija mbele ya lubunga kulalamika kwamba imedanganywa, itapata shida kumaliza sentensi yake. Lakini Serikali siyo peke yake iliyodanganywa. Miaka kumi baadaye mwanafunzi aliyenakili anakuwa muuguzi, na mama mjamzito analetwa usiku kwa pikipiki. Mama huyo hakuiba kitu kwa mtu. Akilalamika, nani atamwambia anyamaze? Kosa la "ibara ya 15" ni hilo: inatuonyesha mlalamikaji mmoja asiye na haki, halafu inawaficha nyuma yake wale wote walio na haki.

Na sasa niseme langu, kwa sababu mwalimu anayepima wengine tu ni kama kinyozi asiyejitazama kwenye kioo.

Tangu miaka ya 1990 sisi walimu tuliishi kwa pesa ya wazazi kuliko kwa mshahara. Katika shule za msingi hali hiyo iliendelea mpaka mwaka 2019, masomo ya bure yalipoanza kutumika. Sekondari nayo tuliishi hivyo hivyo. Mwaka mmoja, katika shule ambayo sitaitaja, miezi ilipita bila kitu. Mzazi mmoja mvuvi alikuja nyumbani jioni na mfuko wa ndagala kavu. Hakusema mengi. Alisema tu kwamba mtoto wake ni mzito kidogo wa Kiingereza. Nilipokea ndagala. Mwisho wa mwaka nilibadilisha namba moja katika kitabu cha maksi, na mtoto akapita. Nilijiambia ni kujua kuishi, na kwamba hakuna aliyeumia: mzazi amefurahi, mtoto amefurahi, na watoto wangu wamekula.

Mwaka uliofuata mtoto yule alikuwa anakaa nyuma, haelewi kitu. Mwaka wa pili aliacha shule akaenda ziwani na baba yake. Siku moja nilikutana naye pale wanapoanika ndagala. Alikuwa mtu mzima tayari. Alinisalimia kwa heshima, tukaongea juu ya bei na upepo. Halafu akaniuliza bila hasira: "Mwalimu, ule mwaka ulinipitisha juu ya nini? Ningerudilia, labda ningejua."

Sikupata jibu. Yeye hakuona haya hata kidogo kuuliza, na mimi sikujua niangalie wapi. Mpaka siku ile, katika hesabu yangu, yule mtoto alikuwa ndiye aliyesaidiwa. Sikumweka kamwe upande wa waliodanganywa.

Hapo nilielewa kwa nini tunapenda maneno yachanganyike. Nikifanya mimi, nasema akili. Akifanya rafiki yangu, nasema mwerevu. Akifanya jirani nisiyempenda, nasema mjanja. Kitendo ni kile kile, jina ndilo linafuata udugu. Wahenga walisema ujanja mwingi mbele kiza. Lakini ujanja ukiitwa akili, mtu hataliona giza mpaka ameshaingia ndani.

7. Kikao kilivyomalizika

Wengine watauliza: je, na mtu asiye na haya kabisa, anayeweza kulalamika juu ya lolote? Wapo. Ndiyo maana kipimo hiki hakitumiki na mtu peke yake chumbani, ambako kila mmoja wetu ni hodari wa kujisamehe. Ni kazi ya lubunga. Kule mtu anasema na wengine wanasikia sauti yake. Mlalamikaji anajisikia mwenyewe anaposema, na mshtakiwa vilevile. Naona katika mashauri ya kisasa, ya karatasi na mihuri, jambo hili linapungua. Karatasi haina sauti.

Kikao cha mwaka 2007 hakikumalizika kwa kamusi yangu. Mzee aliyekiongoza alisema hivi: kesho asubuhi, mutoto na baba yake mudogo waende shambani wote wawili, na wazee wawili pamoja nao, wapite mchikichi kwa mchikichi, na baba mudogo aeleze habari ya kila sehemu.

Nilikwenda nao. Upande wa juu baba mudogo alieleza kwa sauti kubwa: hapa watu wenye silaha walitaka kukata yote, niliwapa mawese ya msimu mzima, nikawaambia kwamba shamba ni la misheni, wakaondoka. Kijana alikuwa anatikisa kichwa kwa mshangao. Hapo, kwa Kiswahili cha upande wowote wa ziwa, mzee yule alikuwa amestahili sifa yake. Lakini tulipofika upande wa mto, penye visiki, sauti yake ilishuka. Alisema maneno machache ambayo sikuyasikia vizuri. Wazee hawakumwomba ayarudie.

Kijana alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Baba mudogo, la huku juu nakushukuru. La huku chini tutaongea sisi wawili." Mzee yule hakukasirika. Wakarudi pamoja, kijana amebeba panga la baba yake mudogo.

Katika mtu mmoja, katika shamba moja, kulikuwa na busara upande wa juu na ujanja upande wa mto. Hili ndilo jibu ninalomletea yule mzee, ingawa sasa hayupo tena kulisikia. Maneno ni matatu, mzee, lakini hayagawi watu katika makundi matatu. Yanagawa matendo yetu, na mtu mmoja anaweza kuyabeba yote kwa msimu mmoja. "Inategemea" niliyokujibu ilikuwa nusu ya jibu. Inategemea ni nani aliyelipa bila kujua, na kama anaweza kusimama mbele yetu akasema.

Nawaomba basi walimu wenzangu na wazazi jambo moja dogo. Mtoto akija nyumbani na kitu, akasema amekipata kwa akili, tusikimbilie kumpa jina, wala la sifa wala la lawama. Tumwulize kwanza ni nani aliyekipoteza. Mimi darasani sikati tena zile sentensi kwa kalamu nyekundu. Naandika pembeni: "Na mwenye kununua unga, yeye angeandika neno gani?" Halafu namrudishia daftari lake.